Chanja ya Dagaa na Msimbo wa Java

Asubuhi kwenye mwalo wa Kibirizi, pembeni mwa mji wa Kigoma, dagaa waliovuliwa usiku kwa taa huanikwa kwa namna mbili. Wapo wanaowamwaga juu ya mchanga wa ufukweni. Wapo wanaowatandaza juu ya chanja, meza za nyavu zilizoinuliwa kutoka ardhini. Jua ni lile lile na samaki ni wale wale, lakini mnunuzi huijua tofauti kabla hajatia mkono ndani ya gunia. Dagaa wa mchangani watapepetwa, wataoshwa, watachambuliwa, na bado chembe moja itamkwaruza mlaji menoni. Dagaa wa chanja hawakuugusa mchanga tangu mwanzo.

Watengeneza programu wa Java wanaujua mchanga wa aina hiyo. Ni maonyo 300 yanayopita kwenye skrini kila mradi unapojengwa na hakuna anayeyasoma. Ni faili moja ambalo nusu yake imepangwa kwa nafasi nne na nusu kwa tabo. Ni programu inayojengeka kwenye kompyuta ya mmoja na kukataa kwenye ya mwenzake. Timu nyingi hushughulika na uchafu huu kwa kupepeta: hupanga wiki moja ya usafi, huchoka siku ya tatu, na mchanga hurudi. Makala haya yanahusu chanja yenyewe, yaani mpangilio wa kompaila na kanuni chache za usafi zinazokaa ndani ya mradi na kufanya kazi hata siku ambayo hakuna anayezikumbuka.

Jambo hili haliko mbali na Ziwa Tanganyika kama linavyosikika. Takwimu ambazo zahanati ya kando ya ziwa hujaza kwenye vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, hatimaye huingia kwenye DHIS2, mfumo unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambacho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshirikiana nacho kwa miaka mingi. Upande wake wa seva umeandikwa kwa Java. Nchini Kenya, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa OpenMRS, nao ukiwa wa Java, ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Msimbo wa mifumo yote miwili uko wazi, na kijana wa Ujiji mwenye kifurushi cha intaneti anaweza kuupakua usiku huu akaona jinsi mradi mkubwa unavyotunzwa. Ndani ya DHIS2 atakuta Spotless, chombo kinachopanga mwandiko wa msimbo kwa amri moja ili watu wasibishane mabano yakae wapi. Ndani ya OpenMRS atakuta faili la kanuni za mwandiko lililotayarishwa kwa ajili ya wanaotumia Eclipse. Miradi yote miwili imepokea mikono ya watu wasioonana, wa nchi na mabara tofauti. Kwa watu kama hao makubaliano ya mdomo hayafiki popote, kwa hiyo sheria lazima iwe ndani ya faili.

Hapo ndipo ushauri wa kwanza ulipo, na ndio mzito kuliko yote yatakayofuata: mpangilio wa kompaila ni mali ya mradi, si mali ya kompyuta ya mtu. Mpangilio ambao mtu aliubofya kwenye dirisha la Eclipse au IntelliJ IDEA siku aliyonunua kompyuta haujulikani na mwingine yeyote. Siku anayohamia Mwanza, unaondoka naye.

Eclipse inastahili neno la ziada kwa sababu inatumia kompaila yake yenyewe, si javac iliyomo ndani ya JDK. Kompaila hiyo ina mizani yake ya kipi kiwe kosa, kipi kiwe onyo na kipi kipite kimya. Inaweza hata kuuendesha msimbo wenye kosa, kisha programu ikafa katikati ya kazi kwa ujumbe wa tatizo la kompaila ambalo halikutatuliwa. Mizani hiyo huandikwa kwenye faili la org.eclipse.jdt.core.prefs, ndani ya folda ya .settings, mradi ukipewa mpangilio wake wenyewe. Wengi huiweka folda hiyo kwenye orodha ya vitu ambavyo Git ivipuuze, wakidhani ni takataka ya mtu binafsi. Timu inayotumia Eclipse ifanye kinyume: faili hilo lihifadhiwe pamoja na msimbo, na anayelibadili aeleze kwa nini, kama angebadili klasi yoyote. Hata hivyo neno la mwisho kuhusu kama mradi umejengeka libaki kwa Maven au Gradle, maana ndiyo inayotumika kwenye seva.

Swali linalofuata ni toleo la Java, na hapa ndipo watu wameumia zaidi.

Tuchukue ofisi inayotunza programu ya ushirika wa akiba na mikopo. Seva iliyoko kwa mteja bado ni ya Java 8. Kompyuta za ofisini zina Java 17. Mtengeneza programu anaiambia kompaila kuwa chanzo ni 8 na lengo ni 8, anapata faili la jar, analipeleka kwa mteja. Programu inawaka vizuri. Siku ya tatu inaanguka kwa kosa la NoSuchMethodError, ikilalamika kuwa metodi ya flip haipo kwenye ByteBuffer. Anafungua msimbo na metodi anaiona kwa macho yake. Anafungua nyaraka za Java 8 na humo pia flip imo.

Kilichotokea ni hiki. Katika Java 8, flip ilikuwa ya klasi mzazi, Buffer. Java 9, iliyotoka Septemba 2017, iliipa ByteBuffer flip yake yenyewe. Chaguo za -source na -target hubana lugha na umbo la faili linalotoka, lakini haziizuii kompaila kusoma maktaba za JDK iliyopo kwenye kompyuta. Kwa hiyo kompaila ya 17 iliandika ndani ya jar anwani ya metodi ambayo Java 8 haikuwahi kuwa nayo. Kwa hakika javac ilitoa onyo kuhusu hatari hii. Lilikuwa mojawapo ya yale 300.

Dawa ilikuja na Java 9 hiyo hiyo: chaguo la --release. Ukiandika --release 8, kompaila hutumia orodha ya metodi za Java 8 zenyewe, na kitu ambacho hakikuwepo wakati ule hukataliwa papo hapo. Kwenye Maven ni mstari mmoja wa sifa, maven.compiler.release, unaochukua nafasi ya ile miwili ya zamani. Kwenye Gradle ni options.release. Mradi wowote ambao bado unataja source na target bila release unastahili kurekebishwa wiki hii. Pembeni yake iwekwe kanuni ya Maven Enforcer inayotaja JDK inayoruhusiwa, ili mwenye JDK isiyofaa aambiwe mwanzoni kwa lugha inayoeleweka badala ya kukisia kwa saa nzima.

Wanaoruka matoleo mengi kwa pamoja wajue pia kwamba tabia ya kompaila yenyewe hubadilika. Kuanzia Java 23, javac haiendeshi tena vichakato vya anotesheni ikiwa haikuagizwa wazi. Mradi unaotegemea Lombok bila kuitaja kwenye mpangilio utakuta metodi zote za get na set zimetoweka kana kwamba hazijawahi kuandikwa. Suluhisho ni kuitaja Lombok rasmi kwenye njia ya vichakato, au kuweka -proc:full. Ni dakika mbili za kazi kwa anayejua, na siku nzima kwa asiyejua.

Jambo la tatu ni herufi, na Kigoma ina sababu ya kulijali kuliko mikoa mingi. Kiswahili hakina alama juu ya vokali, hivyo watengeneza programu wengi wa Tanzania hawajawahi kukutana na tatizo hili hadi limewafika. Linafika kwa njia mbili. Ya kwanza ni ng’ ya ng’ombe: mtu akinakili neno hilo kutoka hati ya Word, alama yake huja ikiwa imejikunja, si ile iliyonyooka ya kibodi, na faili likisomwa kwa mpangilio wa herufi usio wake alama moja hugeuka alama tatu zisizosomeka. Ya pili ni majina. Bandari ya Kigoma inahudumia Bujumbura na Kalemie, na wafanyabiashara, wagonjwa na wakimbizi kutoka Burundi na Kongo huja na majina ya Kifaransa. André anaandikishwa, na kwenye risiti anatoka AndrÃ©. Mtu aliyesafiri siku nzima kwa boti hastahili kurudishwa dirishani kwa sababu jina lake kwenye cheti halifanani na jina la kwenye mfumo.

Kabla ya Java 18, iliyotoka Machi 2022, Java ilichukua mpangilio wa herufi wa kompyuta ilimo: Windows ikawa na wake, Linux wake. Tangu toleo hilo UTF-8 ndiyo desturi kila mahali. Hata hivyo mradi usitegemee desturi. Sifa ya project.build.sourceEncoding iandikwe UTF-8 kwenye pom.xml, faili la .editorconfig liseme hivyo hivyo, na popote msimbo unaposoma au kuandika faili, StandardCharsets.UTF_8 itajwe kwa jina. Kisha liwepo jaribio dogo linalohifadhi jina la André na neno ng’ombe, kuyasoma upya, na kuhakikisha yamerudi yalivyokwenda. Mpangilio wa kompaila unalinda maneno yaliyo ndani ya msimbo tu. Yale yanayopita kwenye hifadhidata na kwenye faili yanalindwa na jaribio kama hilo.

Sasa maonyo.

Javac ikiachwa kama ilivyo huwa mpole kupita kiasi. Ikikuta orodha isiyotaja aina ya vilivyomo, hutoa kidokezo cha jumla mwishoni kwamba baadhi ya mafaili yana mambo yasiyo salama, na kumshauri mtu ajenge upya kwa -Xlint:unchecked ili aone undani. Wengi wameusoma ujumbe huo maelfu ya mara bila kuufuata hata mara moja. Kuna jambo jingine lisilofahamika sana: kwa kawaida javac huonyesha maonyo 100 ya kwanza tu. Mradi wenye 700 na mradi wenye 101 huweza kuonekana sawa kwa asiye makini. Anayetaka kuujua ukweli wa mradi wake aweke -Xlint:all pamoja na -Xmaxwarns 10000, ajenge kila kitu upya, kisha ahesabu. Matoleo ya zamani ya programu-jalizi ya kompaila ya Maven yaliyaficha maonyo hadi showWarnings iwekwe true, kwa hiyo hilo nalo liangaliwe.

Hesabu ya kwanza hutisha. Hailazimu kuyamaliza yote siku hiyo, wala hayana uzito mmoja. Yanayohusu serial na processing mara nyingi ni kelele, na mradi wa kawaida unaweza kuyazima kwa kuandika -Xlint:all,-serial,-processing bila dhamiri kusuta. Yanayoitwa removal ni barua ya notisi: kitu hiki kitaondolewa kwenye Java. Waliopuuza notisi za Java 9 kuhusu javax.xml.bind waliikuta haipo tena ndani ya JDK 11 mwaka 2018, na miradi yao haikujengeka. Leo notisi ya namna hiyo imebandikwa juu ya metodi ya finalize, tangu Java 18.

Halafu kuna onyo la fallthrough, ambalo mwandishi wa makala haya angelipandisha cheo likawa kosa kwenye kila mradi unaogusa fedha. Fikiria programu ya tiketi za meli yenye daraja la kwanza, la pili na la tatu. Nauli inachaguliwa kwa switch ya mtindo wa zamani, na aliyeiandika amesahau break baada ya daraja la kwanza na la pili. Msimbo unateremka ngazi: unaweka nauli ya kwanza, unaipita, unaweka ya pili, unaipita, unaishia na ya tatu. Abiria wa chumba cha juu analipa nauli ya sitahani, na hakuna kosa lolote linalojitokeza. Programu inaendelea kukata tiketi huku mapato yakipungua safari hadi safari. Onyo moja la kompaila lingelizuia hilo, na switch ya mshale, iliyothibitishwa katika Java 14 mwaka 2020, haina hata nafasi ya kulifanya kosa hilo.

Lengo la kufika ni sifuri. Sababu yake haina uhusiano na unadhifu. Kwenye mradi wenye maonyo sifuri, onyo jipya linaonekana siku lilipozaliwa, na aliyelileta bado anakumbuka alichokuwa akikifanya. Kwenye mradi wenye 40, onyo la 41 halina anayelitambua. Timu isiyoweza kufika sifuri mara moja iandike idadi ya leo mahali pa wazi na kukataa badiliko lolote linaloiongeza. Idadi itashuka yenyewe kadiri msimbo wa zamani unavyoguswa.

Baada ya kufika sifuri huja kishawishi cha -Werror, chaguo linalogeuza kila onyo kuwa kosa. Ni zuri, ila liwekwe kwenye seva ya kujengea ambako toleo la JDK limefungwa, wala lisilazimishwe kwa kila mtu aliye katikati ya kujaribu wazo. Kila JDK mpya huja na maonyo mapya. Java 21 ilileta onyo la this-escape, na miradi iliyokuwa safi kabisa ikaamka na maonyo ambayo haikuyatenda. Anayepandisha JDK alizime -Werror kwa siku hizo, asafishe, alirudishe.

Na pale onyo linapokuwa halina budi kunyamazishwa, alama ya @SuppressWarnings iwekwe juu ya kitu kidogo iwezekanavyo: kigeu kimoja ikiwezekana, metodi ikishindikana, klasi nzima kamwe. Juu yake iandikwe sentensi moja ya sababu. Alama isiyo na sababu haitaguswa na mtu kwa miaka kumi, kwa kuwa kila anayepita ataogopa kuwa aliyeiweka alijua kitu asichokijua yeye.

Kusafisha mwandiko wa msimbo wa zamani ni kazi ya namna yake, na kosa kubwa linalofanyika ni kuchanganya. Mtu anarekebisha hesabu ya riba, na papo hapo anabonyeza kitufe cha kupanga faili zima. Badiliko la mistari miwili linakuwa la mistari 900. Anayekagua hawezi kuiona ile miwili, anaidhinisha kwa imani, na siku riba ikikosewa historia ya Git inaonyesha jina la aliyepanga nafasi, si la aliyeandika hesabu. Usafi uende peke yake. Chombo kama Spotless au google-java-format kiendeshwe mara moja juu ya mradi mzima, siku ambayo hakuna kazi kubwa ya mtu iliyoko njiani, na badiliko hilo lisiwe na kitu kingine chochote ndani yake. Namba yake iandikwe kwenye faili la .git-blame-ignore-revs. Tangu Git 2.23, ya mwaka 2019, inawezekana kuiambia git blame iyaruke mabadiliko yaliyotajwa humo na kumwonyesha mwandishi halisi wa kila mstari.

Ni lini wakati wa kufanya hayo? Wavuvi wa ziwa hili wana jibu zuri. Siku za mbalamwezi taa zao hazivuti dagaa kama usiku wa giza, basi mitumbwi hubaki ufukweni na nyavu hushonwa. Hawangoji wavu upasuke katikati ya maji. Timu ya programu nayo ina mbalamwezi zake: wiki baada ya toleo kwenda kwa mteja, siku za mwisho wa mwezi ambapo hakuna anayeruhusiwa kugusa mfumo wa fedha. Siku mbili kila mwezi kwa maonyo na maktaba zilizozeeka zina faida kuliko wiki mbili za mwaka ambazo huahirishwa kila mwaka. Wala si kila kona inahitaji ufagio. Msimbo unaofanya kazi, usiofunguliwa na mtu miaka mitano, na usio na majaribio, uachwe hadi kuwepo sababu ya kuufungua. Majaribio yatangulie, usafi ufuate.

Anayefanya kazi Kigoma, mwisho wa reli, ana shida nyingine ambayo vitabu vya Dar es Salaam na London haviitaji: mtandao unaokwenda na kurudi. Maven ikianza kupakua maktaba katikati ya siku mbaya, kazi husimama. Amri ya mvn dependency:go-offline iendeshwe mtandao ukiwa mzuri, na mvn -o itumike ukiwa mbaya. Matoleo ya programu-jalizi yatajwe kwa namba kamili kwenye pom.xml; yasipotajwa, Maven huyachagua yenyewe, na kompyuta mbili zaweza kuishia na mawili tofauti. Faili la Maven Wrapper likiwekwa ndani ya mradi, kila kompyuta hutumia Maven ya toleo moja.

Ziwa Tanganyika lina funzo jingine, la mradi unaokaribia kuachwa. Julai 1916, Wajerumani waliamua kuizamisha meli yao, Graf von Götzen, karibu na mdomo wa Mto Malagarasi ili isitekwe. Mafundi walioiunganisha Kigoma walipewa kazi hiyo. Kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiinua kutoka majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, mitambo ikiwa ingali yafaa. Miradi ya programu nayo huzamishwa: fedha za mfadhili huisha, timu hutawanyika. Wiki ya mwisho kabla ya hapo itumike kupaka grisi. JDK itajwe kwa namba, maonyo yafike sifuri au sababu ziandikwe, na faili la README lieleze amri moja ya kujenga mradi kutoka kompyuta tupu.

Msomaji mwenye mradi wa Java mkononi asingoje kuzama. Kesho asubuhi aweke release na UTF-8 kwenye pom.xml, awashe -Xlint:all, aandike idadi ya maonyo aliyoikuta, kisha amwombe mwenzake aujenge mradi huo kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuuona. Akikwama, pale alipokwama ndipo pa kuanzia kazi.